Stesheni Yenye Mlango wa Bluu

Yohana alinipigia simu mwanzoni mwa Kwaresima, na kabla sijamuuliza habari za nyumbani akasema, "Foibe, wameitengeneza upya." Sikuuliza wametengeneza nini. Kwa zaidi ya miaka ishirini tulikuwa na neno letu moja, stesheni, ambalo likitajwa tu, mke wake na mume wangu walituacha tuongee peke yetu. Yohana alikuwa haoni, na simu yake ilikuwa ya zile zinazosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Asubuhi hiyo ilikuwa imemsomea habari kwamba mchezo wa kompyuta tuliouchezea Dodoma tukiwa vijana umetolewa tena, picha zimechorwa upya, na watu wake wote waliokuwa wakisema kwa maandishi tu sasa wamepewa sauti. "Wanaongea, Foibe! Hata yule mlinzi wa geti." Nikamwambia basi atasikia mwenyewe, hatanihitaji tena. "Na mshale wa kwenye kioo atausogeza nani?" akaniuliza. Tukakubaliana niende kwake Buigiri Jumatatu ya Pasaka na kompyuta yangu, na mkewe atachinja kuku, tena kuku wa kweli, si hao wenu wa mjini, akasema, akacheka. Sikumsikia akicheka tena. Homa ilimshika ghafla, ikapanda kichwani, na wakati watu wanakata matawi ya mitende kwa Jumapili ya Matawi sisi tulikuwa tumekaa kwenye turubai uani kwake, tukisubiri jeneza litoke ndani.

Ni pale msibani ndipo binti yake mkubwa, Nyemo, alipokuja kukaa kwenye mkeka wangu. Nyemo ni nesi, amesoma Tabora, na kila muhula alikuwa akienda na kurudi kwa treni. Alinisalimia shikamoo, akachezea ncha ya kanga yake, halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Shangazi, ile stesheni mliyokuwa mkifanya kazi wewe na Baba iko wapi?" Nikamtazama. Akaendelea haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa. "Ile yenye mlango wa bluu, na saa kubwa iliyosimama, na bustani nyuma. Baba alikuwa anatusimulia tangu tukiwa wadogo. Nikiwa nakwenda chuo nilikuwa nakaa dirishani makusudi. Kwanza nilidhani ni Kintinku. Halafu nikasema labda ni Saranda. Nikamuuliza siku moja, akacheka tu, akaniambia endelea kutazama." Wanawake waliokuwa karibu nasi walikuwa wakiimba pambio kwa sauti ya chini. Nilimshika mkono nikamwambia, "Haipo kwenye reli, mwanangu. Nitakuonyesha, lakini si leo."

Nilirudi mjini na swali lake, na tangu siku ile nimekuwa nikiuishi tena ule mwaka mmoja niliokaa na Yohana katika chumba cha uchapaji cha Mama Damari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakuwa ya kunipeleka mbele, na kitu pekee nilichokuwa nacho ni cheti cha kupiga taipu. Dodoma ya wakati ule, mji mkuu kwa jina, ilikuwa ya vumbi na upepo, na maofisa wengi waliishi Dar es Salaam wakija kwa vikao na kuondoka. Mama Damari alikuwa mjane wa mchungaji, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani, na alikuwa amegeuza vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake, nyuma ya soko, kuwa mahali pa kuchapa barua, risala, katiba za vikundi na kadi za harusi. Chumba cha kwanza kilikuwa na taipureta na benchi la wateja. Cha pili kilikuwa na meza moja yenye kompyuta, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kwa sindano, cheupe, chenye maua, kama kile unachoweka juu ya redio au kochi la wageni. Dirisha la chumba hicho halikufunguliwa kamwe kwa sababu ya vumbi, na hata hivyo kila asubuhi nilifuta vumbi jekundu kwenye kioo cha kompyuta kwa kanga iliyolowanishwa. Chumba kilinuka wino, karatasi na harufu ya uji wa uwele uliokuwa ukipikwa nyuma.

Yohana nilimkuta pale. Alikuwa kijana mwembamba, mnyamavu kwa wateja, na mwenye maneno mengi wakishatoka. Alichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama chini, kwa kasi ambayo wateja walikuwa wakisimama mlangoni kuitazama. Mimi nilijivunia cheti changu mpaka nilipomwona yeye akichapa huku ameelekeza uso ukutani, akinisimulia mpira wa jana. Siku zile nilidhani ni mbwembwe.

Kompyuta ilikuwa imenunuliwa ikiwa imetumika, kutoka kwa mgeni mmoja aliyekuwa akifunga ofisi yake kurudi kwao Ulaya, na ndani yake alikuwa amesahau mchezo. Mama Damari aliuona, akaogopa kuufuta. "Msiuguse," alituambia, "huenda ndio unaoshikilia mashine." Sisi tuliugusa. Ilikuwa saa ya chakula, hakuna mteja, na Yohana akaubonyeza. Kioo kikawa cheusi, kisha ikatokea picha ya stesheni ndogo ya treni katika nchi ya milima, theluji imelala juu ya paa, saa kubwa ukutani, na mlango wa bluu. Wasomaji wanaojua michezo ya leo ya kukimbia na kupiga risasi watashangaa nikisema kwamba katika mchezo ule hakuna aliyekimbia. Msichana alikuwa ameshuka kwenye treni kumtafuta baba yake, aliyekuwa stesheni masta, na stesheni ilikuwa haina mtu isipokuwa mlinzi mzee wa geti. Wewe ulikuwa na mshale tu. Unausogeza juu ya picha, unabonyeza ndoo, na chini yanatokea maandishi: ndoo tupu. Unabonyeza ufunguo, unauchukua. Unaupeleka ufunguo kwenye sanduku. Ukikosea, hakuna kinachotokea. Hakuna anayekufukuza. Unakaa na chumba mpaka chumba kikuambie kitu.

Tulikwama kwenye chumba cha kwanza kwa wiki nzima na zaidi, na wala hatukuudhika. Tulikuwa tukienda sokoni, tunapima vitunguu, halafu katikati ya mazungumzo mengine kabisa Yohana anasema, "Je, tukiijaza ile ndoo theluji?" Na kesho yake tunajaribu, na inakubali, na tunapiga kelele mpaka Mama Damari anakuja mlangoni. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu cha shule kilikuwa cha kubahatisha, hivyo tulisaidiana. Mlinzi wa geti tulimpa Kigogo. Sijui ni nani kati yetu aliyeanza, lakini mlinzi yule, mwenye koti refu na masharubu meupe, akawa kila anapofungua mdomo anaanza kwa salamu yetu, mbukwa, kama mzee yeyote wa kwetu, na mengine yote yakafuata kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Mvumi.

Niligundua habari ya macho yake kwa sababu ya mshale. Mwanzoni yeye ndiye aliyeshika kipanya, na mimi nilikaa pembeni. Kisha nikaanza kuona kwamba mshale ukienda pembeni mwa picha, anaupoteza. Anausogeza huku na huku kama mtu anayetafuta kitasa gizani. "Upo kule kwenye ndoo," namwambia, na yeye anageuza kichwa kizima, si macho tu, anageuza kichwa kama kuku, ndipo anauona. Nikaanza kutazama na mambo mengine. Alikuwa akigonga kona ya benchi la wateja, upande uleule, na paja lake lazima lilikuwa na alama. Alikuwa akimwaga chai akipokea kikombe kutoka pembeni. Siku moja nikamuuliza waziwazi, tukiwa wawili tu, na yeye akakunja kipande cha karatasi kuwa bomba, akanipa. "Chungulia," akasema. Nikachungulia. Nikaona saa ya stesheni peke yake, na pembeni yake kote weusi. "Hivyo," akasema. "Na bomba linazidi kuwa jembamba. Usimwambie Mama."

Basi kipanya nikakishika mimi. Hatukukubaliana kwa maneno. Alianza kusogeza kiti chake nyuma kidogo, mimi nikasogeza changu mbele. Katikati ya mwaka alikuwa bado anaona katikati ya kioo ikiwa picha ina mwanga, na kitu alichokiona vizuri kupita vyote kilikuwa mlango ule. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa na rangi chache, kila rangi imekolea kama chupa ya rangi ya maji iliyomwagika, na bluu ya mlango ilikuwa bluu kwelikweli. Kila tulipoanza alikuwa akiniomba nirudi kwanza nje ya stesheni. "Niache niutazame," anasema, na mimi nasubiri mkono ukiwa juu ya kipanya mpaka aseme haya, twende. Mengine yote nilimweleza. Nilijifunza kueleza chumba kwa mpangilio, kutoka mlangoni kwenda kulia mpaka urudi mlangoni, kwa sababu nikiruka alichanganyikiwa, na nikifuata mpangilio alikikumbuka chumba kizima kwa miezi. Mimi niliyekuwa nikiona nilisahau. Yeye ndiye aliyeniambia, "Rudi kule kwenye stoo, juu ya rafu ya pili ulisema kuna kamba." Na barua za wateja vilevile: yeye anachapa, mimi nasoma alichochapa kwa sauti ya chini kama vile najisomea, na akisikia kosa anagusa meza kwa kidole.

Chakula cha mchana tulikula chumba cha nyuma, mimi na yeye, ugali wa uwele na mlenda wa karanga, kila siku, na Ijumaa kipande cha nyama. Kati yetu na chumba cha mbele kulikuwa na pazia tu. Siku ninayotaka kuisimulia, Mama Damari alikuwa mbele na rafiki yake, Mama Seba, muuza vitambaa ambaye hakujua kunong'ona hata kanisani. "Damari," tulimsikia akisema, "watu wanaongea. Umeweka mtu asiyeona achape barua za watu?"

"Barua zake zina kosa?"

"Sijasema zina kosa."

"Basi."

"Ni yule binti anamsomea. Hata mimi nimemsikia."

"Na mimi nimemsikia tangu mvua zilipokatika," akasema Mama Damari. "Anamsomea barua, halafu anamsomea ile stesheni yao. Unafikiri mimi ni mjinga? Wakiwa kule ndani nasimama hapa hapa nawasikiliza. Juzi nilikwenda kulala nikiwaza yule msichana atapataje kufungua stoo." Tulisikia kijiko kikigonga kikombe. "Mimi siogopi barua, Mama Seba. Ninaogopa siku atakapoivuka ile barabara peke yake na mimi sipo."

Yohana alikuwa na tonge mkononi. Alilirudisha kwenye sahani polepole, akalibonyeza kwa kidole kama anayetaka kulirudisha mahali lilipotoka. "Kumbe anajua," akasema. Nilidhani amefurahi, kwa sababu mimi nilikuwa nimefurahi. Siri ilikuwa imenielemea. Lakini alianza kulia, bila sauti, mabega yakitikisika, na ndipo nilipoelewa kwamba wakati wote ambao hakuna aliyejua ila mimi na yeye, ugonjwa ule ulikuwa bado unaweza kuwa kama mchezo wetu wa pale ndani, jambo la wawili. Sasa lilikuwa limesemwa mbele ya muuza vitambaa. Lilikuwa kweli.

Wiki ileile Mama Damari alivaa gauni lake la Jumapili akampeleka hospitali mwenyewe. Mimi nilibaki na wateja. Walirudi alasiri, na nilijua kabla hawajasema, kwa jinsi Mama Damari alivyomshika Yohana mkono waziwazi, barabarani, mbele ya watu, jambo ambalo asubuhi wakati wa kwenda hakulifanya. Presha ya macho, daktari alisema. Ilikuwa imekula mshipa wa kuonea kwa muda mrefu kimyakimya, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Dawa zingeweza kuchelewesha kidogo kilichobaki. Chumba cha mbele kilikuwa kimejaa watu siku hiyo, kulikuwa na kikundi cha akina mama kinasubiri katiba yao. Mama Damari alipita katikati yao, akaingia chumba cha pili, akakitoa kile kitambaa cheupe juu ya kompyuta, akakikunja, akakiweka kwenye kiti. "Haya," akatuambia. "Chezeni."

"Mama, kuna wateja," nikasema.

"Watasubiri."

Tukacheza mchana wa kazi, mlango wazi, na yeye mwenyewe amesimama nyuma yetu na mkoba wake wa hospitali bado begani. Sidhani kama Yohana aliona kitu siku ile. Macho yake yalikuwa yamevimba. Nilieleza chumba kutoka mlangoni kwenda kulia mpaka nikarudi mlangoni, lakini alipotokea mlinzi wa geti nikashindwa kumsemea. Ni Mama Damari, mama mchungaji, aliyesema nyuma yetu kwa sauti nene, "Mbukwa!" Yohana akacheka huku kamasi zinamtoka, na akina mama wa katiba wakachungulia mlangoni kuona kuna nini.

Tulifika mbali mwaka ule. Tulifungua stoo, tukakarabati taa, tukamfanya mlinzi atuambie kwamba stesheni masta alionekana mara ya mwisho akipanda ngazi kwenda chumba cha ishara, kile chumba cha juu ambacho treni zinaongozwa kutokea humo. Mlango wake ulikuwa na kufuli lenye kutu. Ufunguo tulikuwa nao, haukuzunguka. Tulijaribu kila kitu tulichokuwa nacho juu ya kufuli lile: nyundo, kamba, taa, hata mkate. Tulikuwa bado tunajaribu Novemba, wakati wa joto lile la kusubiri mvua, na umeme ulikuwa ukikatika na kurudi mara kwa mara. Siku moja ulirudi kwa nguvu kuliko kawaida. Balbu ya chumbani ilipasuka, kompyuta ikatoa mlio na harufu ya nywele zilizoungua, na fundi alipokuja kuifungua alitikisa kichwa tu. Mama Damari alikirudisha kitambaa juu yake kama unavyomfunika mtu.

Kabla ya mvua za kupandia Yohana aliondoka kwenda Buigiri, ambako wasioona wanafundishwa kusoma kwa nukta nundu, na mimi nilimsindikiza mpaka barabara kuu. Wakati ule alikuwa akitofautisha mwanga na kivuli, basi. Alikuwa amevaa shati jipya alilonunuliwa na Mama Damari, na aliniuliza ni la rangi gani. Nikamwambia bluu. "Bluu ya mlango?" Nikamwambia imepauka zaidi. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mtu aliyepewa kipimo sahihi. Kisha akaniuliza, "Unadhani mle juu kuna nini?" Nikamwambia sijui. "Na mimi sijui," akasema. "Lakini nitakuwa nakiwaza. Muda ninao." Mama Damari alifariki miaka michache baadaye, na nyumba ile imevunjwa, palepale pamesimama jengo la ghorofa lenye vioo, mji mkuu umekuja kweli sasa. Yohana alijifunza kwa haraka iliyowashangaza walimu wake, akawa mwalimu naye, akaoa, akapata watoto. Na mimi, kwa namna fulani, niliyabeba maisha yangu yote kama mtu anayeeleza chumba kutoka mlangoni kwenda kulia. Nimefundisha chekechea hapa Dodoma miaka yote hiyo, na mpaka leo wazazi husema nina subira. Si subira. Niliifanya kazi hiyo kwanza kwa mtu mmoja.

Niliununua mchezo ule mpya baada ya msiba, na nikaufungua peke yangu nyumbani, mchana, mlango umefungwa. Waliouchora upya ni watu hodari. Theluji inaanguka kweli, chembe kwa chembe. Moshi unatoka kwenye dohani. Mlinzi wa geti ana mikunjo usoni na sauti ya mzee wa Kiingereza, nzuri, iliyochoka, na alipofungua mdomo nikajikuta namsubiri aseme mbukwa. Ukibonyeza kitufe fulani, kila kitu kinachoweza kuguswa chumbani kinang'aa, ili usipoteze muda. Sikupenda kitufe hicho. Muda tulioupoteza ndio nilionao. Lakini kilichonifanya nifunge kompyuta ni mlango. Waliupaka bluu ya mbao zilizokaa juani na mvuani miaka mingi, iliyofifia, yenye ukijivu. Ndivyo mlango wa stesheni ya zamani unavyopaswa kuwa, na mchoraji alikuwa sahihi kabisa, na mimi nililia kama mtu aliyeibiwa.

Nilikwenda Buigiri baada ya wiki kadhaa, nyumba ikiwa imetulia na wageni wa msiba wamekwisha kuondoka. Nyemo alikuwa na likizo. Tulikaa sebuleni kwenye meza ya baba yake, na mama yake, Mama Nyemo, akakaa mlangoni kwenye kigoda akichambua choroko kwenye ungo, ametupa mgongo. Nilimwita aje atazame. "Mimi sitazami hiyo, wifi," akajibu bila kugeuka. "Nimeishi nayo tangu nilipoolewa. Niliyosimuliwa inanitosha." Nikawasha. Nyemo aliitazama ile theluji, na milima, na akasema ni pazuri, kwa adabu, na nikaona kwamba hajaitambua. "Baba alisema mlango ni wa bluu," akasema. Nikamwambia asubiri. Waliotengeneza toleo jipya walikuwa wameacha kitu kimoja cha huruma ndani yake: ukibonyeza pembeni, picha mpya zinaondoka na zile za kale zinarudi, kama zilivyokuwa. Nikabonyeza. Theluji ikasimama. Milima ikawa vipande vya pembe nne, na katikati, umekolea, hauna kivuli wala mkwaruzo, ukatokea mlango.

Nyemo aliweka kidole kwenye kioo. Kisha akasema, taratibu, "Alikuwa akitupeleka kununua sare za shule. Anamuuliza muuzaji, sweta ni la bluu gani? Muuzaji anasema bluu tu, mwalimu, bluu ya kawaida. Baba ananigeukia mimi. Nyemo, ni bluu iliyokolea, kama haijawahi kuguswa na jua? Na mimi nasema ndiyo ili twende nyumbani." Alitoa kidole, akakirudisha. "Hii ndiyo aliyokuwa anaiulizia." Kule mlangoni choroko ziliacha kusikika kwenye ungo, kisha zikaanza tena.

Tulicheza mchana kutwa na picha za zamani, sauti tumezizima, mimi nikisoma na Nyemo akishika kipanya. Alizijua nyingi za njia zetu. Alijaza ndoo theluji kabla sijamwambia. Tulipofika kwenye kufuli lenye kutu nilimwambia kwamba hapa ndipo mimi na baba yake tulipoishia, na kwamba sijui zaidi ya hapa. Nyemo akaniomba ruhusa, akarudisha picha mpya, akapita chumba baada ya chumba akibonyeza kile kitufe cha kung'arisha vitu, na katika bustani ya nyuma, chini ya benchi, kikang'aa kitu ambacho sikuwahi kukiona mwaka mzima: kopo la mafuta ya mashine. Tuliporudi kwenye picha ya zamani kilikuwa ni nukta chache za kahawia juu ya udongo wa kahawia. Nilipita juu yake kwa mshale sijui mara ngapi, nikamwambia Yohana bustanini kuna maua, benchi na ukuta. Nikamweleza Nyemo hivyo. Akaniambia, "Shangazi, hata mimi na macho yangu ya nesi sikioni." Akamimina mafuta kwenye kufuli. Ufunguo ukazunguka.

Chumba cha ishara kikafunguka. Nilianza kueleza, kwa mazoea, kutoka mlangoni kwenda kulia, kwa sauti ya kumfikia mtu asiyetazama. Nikasema kuna koti limetundikwa. Nikasema kuna meza na birika. Kisha nikakoma, kwa sababu hiki kilikuwa chumba cha kwanza ninachokieleza bila Yohana kukisubiri, na sikuweza kuendelea. Nyemo aliniangalia. Akavuta kiti chake karibu, akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Mama," akasema, "baada ya birika kuna vyuma virefu vya kuongozea treni, vimesimama kwa mstari. Vinang'aa, kama vilikuwa vinashikwa kila siku. Halafu kuna kiti. Halafu kuna dirisha. Hakuna mtu."

Mama Nyemo alikuwa ameweka ungo chini. Bado alikuwa ametupa mgongo, anatazama uani.

"Dirisha linatazama wapi?" akauliza.

Nyemo alisogeza mshale mpaka dirishani, akabonyeza, akasoma. "Linatazama bustanini."

"Na kiti? Kiko karibu na dirisha, au mbali?"

"Karibu, Mama. Kimegeuziwa huko huko."

"Vizuri," akasema Mama Nyemo. Aliuchukua ungo, akauweka mapajani, akauacha hivyo bila kuchambua. "Haya, endelea. Upande wa pili kuna nini?"